Hodi ya Mzee Mlowe

Jumatano asubuhi Elia, mtoto wa kwanza wa Mzee Mlowe, aliingia kwangu akiwa na daftari jembamba alilolikunja katikati. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kofia ameishika mkononi, akanipa habari ambayo nilikuwa nimekwisha kuijua tangu alfajiri kwa vilio vya upande wa pili wa ua. Baba amepumzika. Nilimpa pole, kisha akanieleza kilichomleta: familia imekaa, imeamua kwamba wasifu wa marehemu niuandike mimi na niusome mimi makaburini. "Wewe ndiye mwenye digrii hapa mtaani, Mwalimu," alisema. "Na mzee alikuwa anakuheshimu sana." Nikamwambia sawa, nitaandika. Alipoondoka niliacha daftari mezani na sikulifungua mpaka mchana. Cheti changu kiko ukutani, juu ya kabati la vyombo, ndani ya fremu aliyoichonga Mzee Mlowe mwenyewe kwa mbao ya paina, na tangu nikitundike sijawahi kukitazama kwa amani hata siku moja.

Mwaka niliopata digrii hiyo nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Habari za ukoo na utoto wangu naziacha, hazina cha kuongeza hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na tisa kwa cheti kile kile cha ualimu nilichoanza nacho, na kwamba mwalimu mkuu aliyekuwa akisaini ruhusa zangu nilimfundisha mimi kusoma, darasa la kwanza, akiwa bado anavaa viatu kinyume. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliniita mama. Lakini kila ilipotokea nafasi ya kupanda, ilikwenda kwa mwenye digrii, na mimi nilibaki kupiga makofi kwenye chai ya kumpongeza. Nilichoka kupiga makofi. Kwenda chuoni na kukaa bweni na watoto ninaoweza kuwazaa nisingeweza. Ndipo Yusta, mwalimu mwenzangu wa zamani, Mpangwa wa Ludewa aliyehamia Njombe mjini, akaniambia kuna chuo kikuu kinachofundisha kwa mtandao, ada yake mwalimu anaiweza, na hutoki nyumbani wala huachi kazi. Tukajiandikisha pamoja. Mwaka huu ninaousimulia ndio uliokuwa wa mwisho, na tayari nilikuwa nimekonda.

Ofisini walimu vijana walinitania. Nilikuwa nasahihisha madaftari kwenye kona ya dirisha, wao wakidhani sisikii. "Digrii ya kwenye simu hiyo," mmoja alisema, "mahafali si atatumiwa kwa meseji?" Mwenzake akamjibu, "Na joho atalipakua." Wakacheka, nami nikacheka kimyakimya juu ya madaftari, maana utani wao ulikuwa na ukweli: mwili wangu haukuwahi kukanyaga chuo hicho. Wahadhiri wangu niliwajua kwa sauti na kwa kipande cha ukuta nyuma ya vichwa vyao. Mmoja alikuwa na kalenda ya mwaka uliopita ukutani, na muhula mzima nilitamani kumwambia aibandue. Nilisoma baada ya vipindi, nikiwa nimevaa kitenge juu ya sweta, chaki bado kwenye kucha, huku viazi vikichemka jikoni. Mara nyingi viliungua. Nilivikwangua, nikavila na chai ya rangi mbele ya kompyuta, na sina kumbukumbu ya chakula kingine cha mwaka ule kilichonipa raha isipokuwa njegere za Mzee Mlowe.

Kila Jumamosi nilikwenda Njombe kwa Yusta, alikopanga kata ya Ramadhani, kwa sababu kwake mtandao ulikuwa unatulia. Kwangu Makambako ni upepo. Asiyewahi kuishi Makambako hawezi kujua upepo unavyoweza kukaa ndani ya nyumba yako kama mpangaji. Bati zinapiga, mlango unagonga, unamsikiliza mhadhiri unapata nusu ya sentensi. Kwa Yusta kulikuwa na ukungu na baridi ya kukausha midomo, lakini kimya. Tulikaa sebuleni kwake, jiko la mkaa katikati ya miguu, tukiulizana maswali ya mitihani iliyopita. Kati ya sebule na jiko lake hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la maua tu. Nalitaja pazia hilo kwa sababu litarudi.

Mzee Mlowe alikuwa jirani yangu wa ua wa nyuma. Ujana wake wote alipasua mbao kwao Matembwe, kwa msumeno wa watu wawili, akaja Makambako uzeeni kuwa karibu na watoto. Alikuwa mrefu, bega moja limeshuka kwa sababu ya ule msumeno, na alivaa koti moja la kijivu kiangazi na masika. Alikuwa analima njegere kwenye kipande nyuma ya nyumba, na kila zikikomaa aliniletea. Kumpokea ilikuwa kazi yenyewe. Mzee Mlowe hakuwa mtu wa kusalimia akapita. Aliuliza ulivyoamka, ulivyoshinda jana, watoto wa shule, walimu wenzako, kifua chako, mvua, halafu akarudi mwanzo akauliza tena ulivyoamka, kana kwamba jibu la kwanza lilikuwa la heshima na sasa anataka la kweli. Nilikuwa nachoka kumjibu, lakini nilimjibu. Hakuna aliyenilea asiyejua kwamba mtu akipiga hodi mara ya tatu na hukuitikia, umemwambia aondoke.

Mtihani wa mwisho ulipangwa Jumamosi asubuhi. Tulifanyia nyumbani, tukichungwa na kamera ya kompyuta. Masharti yalikuwa mengi na yote ya kutisha: uzungushe kamera waone chumba kizima, ufunge mlango, usiondoke kwenye kiti, asiwepo mtu mwingine, usiseme na mtu. Mtambo unarekodi kila kitu. Nilitaka kwenda kufanyia kwa Yusta lakini wawili chumba kimoja hawakuruhusiwa. Yusta akanipigia Ijumaa. "Bandika karatasi mlangoni, dada. Andika, mtihani, tafadhali msipige hodi." Nikamwambia nitabandika. Niliiandika kabisa, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa ubaoni. Nikasimama nayo mlangoni nikiwa na gundi mkononi, nikashindwa. Ningeanzaje kumwandikia mtu asipige hodi nyumbani kwangu? Wangeniona nimeshakuwa mkubwa kabla hata digrii haijafika. Niliikunja nikaiweka chini ya sufuria.

Nilikuwa swali la tatu, nimeanza kuona mwanga, nilipomsikia. "Hodi." Nikaendelea kuandika. Nikamwomba Mungu amkumbushe kitu kingine cha kufanya. "Hodi, Mwalimu." Vidole vikasimama juu ya herufi. Upepo ulikuwa unapiga bati, na katikati ya upepo nilimsikia akisogeza miguu na kujiweka sawa kwa ajili ya ile ya tatu. Najua watu watakaosoma hapa watasema si angenyamaza tu. Mimi pia nimejiambia hivyo mara nyingi. "Hodi humu ndani."

"Karibu, baba," nikasema, nikageukia mlangoni.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, baba."

"Umeamkaje?"

"Salama tu."

"Watoto wa shule?"

"Wazima, baba."

"Mbona hufungui? Unaumwa?"

"Siumwi, baba. Niko kwenye mtihani."

Akasema kwa sauti ya chini, kama yuko kanisani, "Ah! Nisamehe. Basi soma swali vizuri kabla ya kujibu. Njegere naziacha hapa." Nikasikia mfuko ukiwekwa chini, na hatua zake zikienda taratibu. Nilimaliza mtihani nikiwa nimelowa jasho kwenye baridi ile, na mchana nilizipika zile njegere nikazila zote kwa hofu.

Barua ilikuja baada ya wiki moja. Ilisema imebainika sauti ya mtu wa pili wakati wa mtihani, na kwamba mtu huyo alisikika akitoa maelekezo. Natakiwa kufika mbele ya kamati kwa njia ya video, na kama ninaye shahidi nije naye. Nilimpelekea habari Mzee Mlowe kwa sababu sikuwa na wa kumwambia mwingine. Alikuwa anakaza mpini wa jembe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka jembe chini. "Hodi ilikuwa yangu," alisema. "Nitakwenda niseme." Mke wake, Mama Elia, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo, alikuwa mlangoni anachambua maharage. "Utasema nini wewe mbele ya wasomi?" alimuuliza. "Nitasema nilipiga hodi," mzee akajibu. "Kuna kingine?"

Siku ya kamati tulikwenda Njombe pamoja. Koti la kijivu lilikuwa limefuliwa na kunyooshwa, na shati lilikuwa limefungwa mpaka kifungo cha juu kabisa. Alikuwa na mfuko wa njegere kwa ajili ya Yusta, maana haendi kwa mtu mikono mitupu. Njia nzima alirudia kwa sauti ndogo maneno atakayosema: jina lake, kwao Matembwe, kazi yake, na kwamba alipiga hodi mara tatu kama inavyotakiwa. Yusta alimkalisha jikoni kwenye kigoda, akampa chai na mihogo, tukakubaliana nitamwita ukifika wakati wake. Kisha Yusta akanivuta sebuleni, akaninong'oneza huku akinifunga skafu vizuri. Alikuwa ameulizia kwa wenzetu wa mikoa mingine. Waliokiri kwamba kulikuwa na mtu walifutiwa mtihani, wakarudia mwaka. Waliosema ni kelele za nje waliachwa na onyo. "Dada, upepo ulikuwa mwingi," alisema. "Hakuna anachosikia mtu kwenye rekodi ile." Nikamwambia sitasema uongo. Nilimaanisha.

Walikuwa watu watatu kwenye kioo cha kompyuta, wameketi mezani, wote wamechoka kama mimi. Wakacheza rekodi; kwenye picha kilionekana kisogo changu tu, nimegeukia mlangoni. Yusta alisema kweli: ilikuwa ngurumo ya bati, na ndani yake sauti ya mwanaume na ya mwanamke zikipokezana, maneno hayashikiki isipokuwa "soma swali" pale mwishoni. Mwenyekiti alivua miwani. "Mama, kanuni iko wazi. Ukiwa umezungumza na mtu, kwa sababu yoyote ile, mtihani umebatilika na mwaka unarudiwa. Nakuuliza sasa, kulikuwa na mtu?" Nilifikiria mwaka mwingine. Viazi vilivyoungua, chaki kwenye kucha, upepo, makofi ya chai ya pongezi, mwaka mwingine mzima. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na uchovu ule ndio uliofungua mdomo.

"Hakukuwa na mtu," nikasema. "Ilikuwa redio ya jirani. Mchezo wa redio."

"Hatukusikii, mama. Rudia."

"Hakukuwa na mtu. Ilikuwa redio."

"Mtandao unasumbua. Sema kwa nguvu kidogo."

Nikasema kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma: "Hakuna mtu aliyekuja kwangu siku hiyo! Ilikuwa redio!" Nyuma ya pazia la maua kikombe kiliwekwa juu ya sahani. Yusta aliangalia mkaa. Watu watatu walinong'onezana, mwenyekiti akavaa miwani yake, akasema wamenipa onyo, niwe naomba majirani wapunguze sauti za redio, na matokeo yangu yatatoka na ya wengine.

Nilipofunua pazia Mzee Mlowe alikuwa amekaa wima kwenye kigoda, mikono magotini, tayari kuitwa. "Wameridhika?" aliniuliza. Nikasema, "Wameridhika, baba." "Basi vizuri," akasema, akasimama, akamshukuru Yusta kwa chai. Kurudi Makambako alinieleza habari za njegere, kwamba mwaka huu mvua imewahi kukatika na zitakuwa ndogo. Nilimwitikia kila neno. Nilitaka kumwambia nisamehe na nilikuwa naye bega kwa bega zaidi ya saa nzima, na sikumwambia.

Nilifaulu. Cheti kilikuja kwa basi, ndani ya bahasha ya kahawia, na wale walimu vijana walininunulia keki na kunivalisha joho la kuazima ili wanipige picha. Mwaka uliofuata nilipewa shule, nikawa mwalimu mkuu miaka mitano, kazi ambayo sehemu kubwa ni kuhesabu madawati yaliyovunjika na kusuluhisha walimu waliogombana. Nimestaafu mwaka huu, kwa hiari. Mzee Mlowe alikuja na fremu ya paina siku ya pili baada ya cheti kufika. Lakini hakupiga hodi. Nilifungua dirisha kumwaga maji, nikamwona amesimama uani karibu na mti wa plamu, fremu kifuani, upepo unapeperusha koti lake. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Na tangu siku ile hakupiga hodi tena kwangu. Miaka sita. Kila alipokuja na njegere alisimama pale pale kwenye plamu, kimya, mpaka nitoke mwenyewe au mtu mwingine amwone. Mara moja nilimkuta amelowa. Alinisalimia kama zamani, kwa kirefu, mwanzo mpaka mwisho na kurudi mwanzo, na mimi nilijua ananiambia nini kwa kule kusimama. Nilimfuta kwa sauti ya darasani, naye ameamua kuwa mtu asiye na sauti mlangoni kwangu. Niliona ni haki yake. Nilikuwa nachungulia dirishani kila nusu saa, wakati mwingine najificha nyuma ya pazia nikimtazama, nikiwa na aibu ya kutoka.

Jana mchana, Alhamisi, nilivuka ua na daftari kwenda kwa Mama Elia kuuliza mambo ya wasifu. Alikuwa amekaa mkekani kati ya wanawake wenzake, akasogea, tukakaa pembeni. Alinipa mwaka wa ndoa, majina ya watoto, miaka ya msumeno, kipaimara. Nikaandika. Kisha akasema, "Andika na kwamba aliwahi kuitwa na chuo kikuu kutoa ushahidi." Kalamu yangu ikasimama. "Alikuwa anawasimulia watu wote," akaendelea. "Hata Matembwe wanajua. Alisema wale wakubwa walitaka jina lake wamshitaki kwa kuvuruga mtihani, na wewe ukamkinga. Ukawaambia ni redio. Alisema hajawahi kuona mtu wa kumsimamia hivyo."

Niliuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa nini basi aliacha kupiga hodi kwangu. Mama Elia alinitazama kama vile nimeuliza kwa nini jua linachomoza. "Si ile hodi ilitaka kukuponza? Alisema, mimi nitasimama tu pale uani, Mwalimu akitoka ataniona. Anaweza kuwa kwenye mtihani mwingine."

Wanawake kwenye mkeka walikuwa wameanza wimbo. Nilimwambia, kwa sababu sikuona namna ya kunyanyuka pale bila kumwambia, "Mama Elia, sikumkinga. Nilijikinga mimi. Yeye alikuja kunitetea, na mimi nikamkana akiwa anasikia."

"Najua," alisema. Alikuwa anakunja ncha ya kanga yake na kuikunjua. "Siku ile ile aliporudi nilimwambia, huyo Mwalimu wako amekukana. Akanikemea. Akaniuliza, kwani wewe ulikuwepo?" Akavuta pumzi. "Nimemwambia tena na tena, miaka yote hiyo, kila akienda kusimama kwenye upepo. Hakutaka kusikia. Wewe andika alivyosema yeye. Msiba ni wake."

Tumemzika leo. Upepo ulikuwa wa kawaida yake, ilibidi Elia anishikie karatasi upande mmoja. Mwalimu mkuu wangu wa zamani, yule niliyemfundisha kusoma, alikuwa mstari wa mbele, sasa naye ana mvi. Nilisoma kuzaliwa, Matembwe, msumeno, ndoa, kisha nikasoma: "Marehemu aliwahi kuitwa na chuo kikuu kutoa ushahidi, akaenda." Watu wakaguna kwa heshima. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, kama Mama Elia alivyotaka. Lakini mzee mmoja aliyesimama nyuma, waliopasua naye mbao ujanani na hawakuonana tena, akapaza sauti kwa kutaka kujua tu, "Ushahidi wa nini, Mwalimu?"

"Kwamba alipiga hodi kwangu mara tatu nikiwa kwenye mtihani, na mimi nikamwitikia," nikamjibu. Sauti ilitoka ile ya darasani. "Chuo waliponiuliza, nilisema hakukuwa na mtu, nikasema ni redio. Digrii yangu niliipata hivyo. Haikuwa redio. Alikuwa yeye."

Nilimtafuta Mama Elia kwa macho, nikamwona ameinamisha uso kwenye kanga. Elia alikuwa bado ameshika upande wake wa karatasi, hajauachia. Nikarudi pale nilipoachia, nikaendelea na majina ya wajukuu.